Ujenzi unapouawa kwenye seva: nani ameweka kikomo cha kumbukumbu?

Programu inajengwa (msimbo unageuzwa kuwa programu) vizuri kwenye kompyuta yako, lakini ikifika kwenye seva ujenzi unakatika njiani. Logi inaishia na neno moja, `Killed`, au haisemi lolote. Wengi hapo hukimbilia kuongeza namba: `-Xmx` ya Java kubwa zaidi, `--max-old-space-size` ya Node kubwa zaidi, au mashine ya bei ya juu. Kuna siku dawa hiyo inafanya kazi. Kuna siku ndiyo inayoharakisha kifo, kwa sababu kati ya programu yako na RAM yenyewe kuna dari kadhaa, na kila moja ina mwenye nayo: kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya mashine nzima, kontena (chumba kilichotengwa ambamo programu huendeshwa), kipindi cha mtumiaji aliyeingia kwa SSH au kwa huduma nyingine, na hipu ya lugha unayotumia, yaani eneo la kumbukumbu ambamo programu huweka data yake. Ukiinua hipu wakati anayeua ni kontena, umeuruhusu mchakato kula zaidi ndani ya chumba kilekile.

Basi usiguse namba yoyote kabla ya kujua nani amekata.

## Anza na namba ya kutoka

Kila mchakato ukiisha huacha namba, na ukiuawa kwa ishara namba hiyo ni 128 jumlisha namba ya ishara. 137 ni 128 + 9, yaani mchakato umepigwa SIGKILL. Ishara hiyo haikamatiki, ndiyo maana logi iko kimya: programu haikupata hata nafasi ya kulalamika. Mshukiwa wa kwanza ni kerneli, ingawa `docker kill` nayo hutoa 137.

134 ni 128 + 6, SIGABRT. Hapa programu imejiua yenyewe, kwa kawaida baada ya kugonga dari yake ya ndani. Kwenye ujenzi wa JavaScript, mara nyingi juu yake utaona `JavaScript heap out of memory`.

143 ni SIGTERM. Mtu au mfumo umeomba mchakato uondoke: muda wa kazi umeisha, au mashine inazimwa. Kumbukumbu inaweza kuhusika kwa mbali, kwa mfano seva imezama kwenye swapu (diski inayotumika badala ya RAM) hadi dakika zilizopangwa zikaisha.

1 na 2 ndizo zinazodanganya. Kompaila ya C++ ikiuawa, `g++` iliyoiita huandika ujumbe huu na kutoka na 1:

```
c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus
```

Kisha `make`, inayoendesha ujenzi wote, nayo hutoka na 2. Ukisoma mstari wa mwisho tu utadhani ni kosa la msimbo. Panda juu kwenye logi utafute `Killed`, hasa kama kazi zilikuwa zinakwenda sambamba, maana ujumbe wenyewe unaweza kuwa umefukiwa chini ya mistari mia ya faili nyingine.

## Ushahidi wa kerneli

Kama unaingia kwenye mashine yenyewe:

```
sudo dmesg -T | grep -iE 'out of memory|killed process'
sudo journalctl -k --since "1 hour ago" | grep -i oom
```

`oom` ni kifupi cha *out of memory*, kuishiwa kumbukumbu, na cgroup ni kundi la michakato ambalo kerneli hulipangia kikomo. Soma maneno ya mwanzo ya mstari utakaoupata. `Out of memory: Killed process` maana yake RAM ya mashine nzima imekwisha. `Memory cgroup out of memory: Killed process` maana yake mashine ina nafasi, ila kontena au huduma fulani imefika kikomo ilichowekewa. Katika hali hii ya pili `free -m` itakupoteza kabisa: hata ukiiendesha ndani ya kontena inasoma RAM ya mashine mama, na itakuonyesha GB 50 zimekaa bure huku kazi yako inauawa kwenye GB 4.

Mstari kamili hufanana na huu:

```
Memory cgroup out of memory: Killed process 48213 (cc1plus)
total-vm:1874320kB, anon-rss:1502116kB, file-rss:0kB ...
```

Namba ya kuitazama ni `anon-rss`. Hapo ni kama GB 1.4. Ikiwa kikomo cha kontena ni GB 4, mchakato huu peke yake haukuwa na kosa. Ulikuwa mkubwa kuliko wenzake siku ambayo wenzake walikuwa wengi. Kerneli kwa kawaida huchagua anayetumia kumbukumbu nyingi, na huyo si lazima awe ndiye aliyeanzisha tatizo. Juu ya mstari huo kuna jedwali la michakato yote iliyokuwa hai ndani ya cgroup hiyo. Safu ya `rss` imeandikwa kwa kurasa, si kwa kilobaiti. Kwenye mashine za x86 ukurasa ni kB 4, kwa hiyo zidisha kwa 4. Ukihesabu `cc1plus` ngapi zimo, umeshapata jibu.

Ukiwa ndani ya kontena huoni `dmesg` ya mashine mama. Soma cgroup moja kwa moja:

```
cat /sys/fs/cgroup/memory.max
cat /sys/fs/cgroup/memory.events
```

Kwenye `memory.events`, mstari wa `oom_kill` ukiwa zaidi ya 0, mjadala umekwisha. Mashine za zamani zenye cgroup v1 huweka kikomo kwenye `/sys/fs/cgroup/memory/memory.limit_in_bytes`. Kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena kwenye mashine nyingi, `kubectl describe pod` itaandika `Reason: OOMKilled` na `Exit Code: 137`. Ukikuta podi (kontena zinazoendeshwa pamoja) imeondolewa na ujumbe `The node was low on resource: memory`, hiyo ni kesi nyingine: nodi, yaani mashine yenyewe, ndiyo iliyoishiwa, na dawa yake ni kuipa podi `requests` ya kumbukumbu inayolingana na matumizi ya kweli ili isipangwe mahali pasipo na nafasi.

Kuna muuaji mwingine asiyeandika kwenye logi ya kerneli. `systemd-oomd`, inayokuja ikiwa imewashwa kwenye Ubuntu 22.04 ya mezani, huua kundi zima la michakato shinikizo la kumbukumbu likizidi, hata kabla RAM haijaisha. Ukiona kipindi chako cha kazi kimekufa chote kwa mpigo, angalia `journalctl -u systemd-oomd`.

## C++ na Rust: kuzidisha, si kujumlisha

Kumbukumbu ya ujenzi ni idadi ya kazi sambamba mara ukubwa wa kila kazi. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayosahaulika zaidi ya zote.

Kontena likipewa kikomo cha kumbukumbu bila kikomo cha CPU, kila chombo ndani yake kinaona viini vyote vya mashine mama. `make -j$(nproc)` kwenye nodi ya viini 64 inaanzisha kompaila 64 ndani ya GB 4. `make -j` bila namba ni mbaya zaidi, kwani haina kikomo chochote. Hata ukiweka mgao wa CPU, `nproc` ya matoleo mengi yaliyomo kwenye imeji za leo haiutazami.

Kadirio la kuanzia kwa C++ yenye violezo (templates) vingi ni GB 1.5 hadi 2 kwa kila kazi. Kwa C ya kawaida, mia chache za MB zinatosha. GB 8 basi ni `-j4`. Iandike namba hiyo kwa mkono kwenye skripti ya ujenzi, au ikokotoe kutoka `memory.max`, lakini usimwachie `nproc`.

Kulinki, yaani kuunganisha vipande vilivyokompailiwa, kuna hesabu yake. Kompaila nne zinaweza kuishi pamoja, kisha zinakuja linka nne zenye taarifa za utatuzi, kila moja GB 3, na ujenzi unafia kwenye asilimia 98. Ninja, chombo cha ujenzi kinachoweza kutumika badala ya `make`, inaruhusu kuzitenga:

```
cmake -G Ninja \
  -DCMAKE_JOB_POOLS="kompaili=4;linki=1" \
  -DCMAKE_JOB_POOL_COMPILE=kompaili \
  -DCMAKE_JOB_POOL_LINK=linki
```

Kama hilo halitoshi, punguza `-g` iwe `-g1`, tumia `-gsplit-dwarf`, au badilisha `ld` ya kawaida kwa `lld`. Wanaobaki na `ld` ya GNU wana `-Wl,--no-keep-memory`, inayopunguza kumbukumbu kwa gharama ya muda.

Kwa Rust, anza na `CARGO_BUILD_JOBS=2`. Mradi ukifia kwenye krati (kifurushi cha msimbo wa Rust) ya mwisho kila mara, mara nyingi tatizo ni LTO kamili (uboreshaji wa msimbo wakati wa kulinki); jaribu `CARGO_PROFILE_RELEASE_LTO=thin` au izime. Go kwa kawaida haisumbui: `go build -p 2` hupunguza kazi sambamba. `GOMEMLIMIT`, iliyokuja na Go 1.19, ni kikomo laini. Ukiiweka chini mno ujenzi haufi ila unaweza kutumia hadi nusu ya CPU kuzoa taka, yaani kuachia kumbukumbu isiyotumika tena.

## Java, Gradle na Android

Hapa kuna ishara mbili tofauti na dawa zake zinapingana.

Ukiona `java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space`, dari ni ya JVM, mashine pepe inayoendesha Java. Ongeza `-Xmx`, na hakikisha umeiongeza kwenye JVM inayohusika. `MAVEN_OPTS` huigusa Maven yenyewe tu. Majaribio ya Surefire huendeshwa kwenye JVM nyingine inayosoma `argLine`. Kwa Gradle, `org.gradle.jvmargs` ni ya demoni (mchakato unaobaki hai nyuma ukifanya kazi ya ujenzi), na kila JVM ya majaribio ina hipu yake ya MB 512 usipoibadilisha kwa `maxHeapSize`. Demoni nayo huanzia MB 512 tangu Gradle 5.0, kiasi kisichotosha mradi wowote wa Android wa maana. Ujumbe ukitaja `Metaspace` (eneo la taarifa za klasi, nje ya hipu) badala ya `heap space`, kinachopandishwa ni `-XX:MaxMetaspaceSize`. `-Xmx` haitasaidia hata kidogo.

Ukiona `Gradle build daemon disappeared unexpectedly`, mara nyingi dari ni ya kontena. Sasa kuongeza `-Xmx` ni kuongeza mafuta kwenye moto. Piga hesabu ya mradi wa Android wenye `-Xmx2g` ndani ya GB 4: demoni ya Gradle GB 2. Demoni ya Kotlin, usipoiandikia kitu, hurithi vigezo vya Gradle, basi GB 2 nyingine. JVM mbili za majaribio, GB 1. Tayari GB 5, na hujagusa Metaspace, rafu za nyuzi wala `aapt2`, vyote viko nje ya hipu. Ujenzi utapita siku ambazo hipu hazijajaa na kufa siku zikijaa. Ndiyo maana watu husema "inafeli mara moja moja". Kwa GB 4, `gradle.properties` inayokaa ni kama hii:

```
org.gradle.jvmargs=-Xmx1536m -XX:MaxMetaspaceSize=512m
kotlin.daemon.jvmargs=-Xmx1g
org.gradle.workers.max=2
```

Na `maxParallelForks` ya majaribio ibaki 1.

JVM isiyopewa `-Xmx` huchukua robo ya kumbukumbu inayoiona. Tangu Java 10, na Java 8 kuanzia 8u191, inaona kikomo cha kontena cha cgroup v1 (cha v2 kinahitaji Java 15, 11.0.16 au 8u372 kwenda juu); matoleo ya zamani zaidi yanaona mashine nzima na kujipa hipu kubwa kuliko chumba. `java -XshowSettings:vm -version` itakuonyesha namba iliyochaguliwa. Badala ya `-Xmx` ya kudumu unaweza kutumia `-XX:MaxRAMPercentage=60`, mradi JVM ni moja. Zikiwa tatu ndani ya kontena moja, kila moja itachukua asilimia 60 yake.

## Node

Hipu ya Node ina dari yake inayotegemea toleo na RAM. Isome usibahatishe:

```
node -e "console.log(require('v8').getHeapStatistics().heap_size_limit/1048576)"
```

Namba inatoka kwa MB. Ujenzi ukifa na 134, `NODE_OPTIONS=--max-old-space-size=3072` ndiyo dawa, mradi kontena lina nafasi ya ziada; acha robo hivi kwa vitu vilivyo nje ya hipu. Tatizo ni kwamba `NODE_OPTIONS` hurithiwa na kila mtoto wa Node. Jest, chombo cha majaribio, ikifungua wafanyakazi wanne, kila mmoja ana ruhusa ya GB 3, na 134 yako inageuka kuwa 137. Weka kigezo hicho kwenye hatua ya ujenzi peke yake, na majaribio yaende na `--maxWorkers=2`. Kama kila faili la majaribio linaacha kumbukumbu nyuma, Jest 29 ina `workerIdleMemoryLimit`, inayomwanzisha upya mfanyakazi aliyevimba.

Ramani za msimbo (source maps) ndizo mlaji mkubwa kwenye webpack. Kama hakuna anayezisoma baada ya ujenzi, zizime.

Majaribio ya kivinjari yana kesi yao. Docker huipa `/dev/shm` MB 64 tu, na Chrome hukatika kurasa bila `oom_kill` yoyote kuonekana. Anzisha kontena kwa `--shm-size=1g`, au ipe Chrome `--disable-dev-shm-usage`. Kumbuka tu kwamba chochote kilichoandikwa kwenye tmpfs (faili zinazokaa kwenye RAM, kama `/dev/shm`) kinahesabiwa kwenye kumbukumbu ya kontena. Hilo linahusu pia `emptyDir` yenye `medium: Memory` na `/tmp` iliyowekwa kwenye RAM: mtu aliihamisha kache huko ili ujenzi uende mbio, na sasa GB 2 za kache zinakula kikomo cha kompaila.

## Kinachokufa si kazi, ni wakala

Ishara: `The runner has received a shutdown signal`, au `The hosted runner lost communication with the server`, au Jenkins inaonyesha `ChannelClosedException`. Wakala anayeendesha kazi naye ni mchakato, na RAM ikibana naye anaweza kuuawa au kukosa pumzi ya kujibu seva kuu.

Kwa wakala wako mwenyewe anayeendeshwa kama huduma ya systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) kuna mtego wa aina yake. `OOMPolicy` kwa kawaida ni `stop`: mchakato mmoja tu ndani ya huduma ukiuawa na kerneli kwa sababu ya kumbukumbu, systemd husimamisha huduma yote. Yaani `cc1plus` moja ikifa, wakala na kazi zake zote wanaondoka nayo. Fungua `systemctl edit` ya huduma hiyo uandike:

```
[Service]
OOMPolicy=continue
```

Kazi itafeli kwa ujumbe unaosomeka, wakala atabaki. Kubernetes nayo ilibadilika ikafuata njia ya `stop`: tangu 1.28, kwenye nodi za cgroup v2, mchakato mmoja ukizidi kikomo kontena zima linauawa, wakati zamani `make` ingebaki hai na kuripoti. Ukiona kazi zilizokuwa zikiripoti kosa sasa zinakatika kimya baada ya kusasisha klasta, sababu ni hiyo.

Angalia pia `concurrent` kwenye `config.toml` ya GitLab Runner. Ikiwa 4 kwenye seva ya GB 8, kazi zako nne zinagawana GB 8 na hakuna kikomo kinachozitenganisha. Afadhali 2 zinazomaliza.

## `docker build` ndani ya kazi

Kontena la kazi linatumia MB 50, lakini `docker build` ndani yake inakufa na 137. Ni kwa sababu kazi halisi inafanyika ndani ya demoni ya Docker, kontena jingine lenye kikomo chake. Kwenye GitLab ya Kubernetes, `memory_limit` ni ya kontena la kazi na `service_memory_limit` ni ya Docker iliyo pembeni. Ya tatu, `helper_memory_limit`, hugusa upakiaji wa kache na mazao (artifacts). Ujenzi ukifaulu kisha kazi ikafa wakati wa kupakia, tazama hiyo. Bitbucket Pipelines huipa kila huduma MB 1024 usipoandika vingine, na huduma ya `docker` imo humo.

BuildKit, injini ya ujenzi ya Docker, huendesha hatua zisizotegemeana kwa pamoja. Dockerfile yenye hatua mbili za `FROM`, moja ya Java na moja ya Node, itazijenga zote mara moja. `max-parallelism = 1` chini ya `[worker.oci]` kwenye `buildkitd.toml` inazipanga foleni.

## Ujumbe unaofanana na kumbukumbu

`fork: retry: Resource temporarily unavailable` na `unable to create native thread` mara nyingi hazihusu RAM. Idadi ya michakato au nyuzi imefika kikomo: tazama `ulimit -u` na `/sys/fs/cgroup/pids.max`. Java huweka neno `OutOfMemoryError` mbele ya kosa la pili, na watu hupoteza siku nzima wakiongeza `-Xmx`.

`Cannot allocate memory` au `Could not reserve enough space for object heap` papo hapo mwanzoni, kabla ya kazi yoyote, mara nyingi ni `ulimit -v`: kikomo cha anwani, si cha RAM. Hosting za pamoja hupenda kukiweka kwa watumiaji wa SSH. Java, Go na WebAssembly hukodi anwani nyingi kuliko wanazotumia, basi hufa hata RAM ikiwa tele. Kwenye hosting ya namna hiyo usishindane nayo. Jenga kwingine, upandishe matokeo tu.

## Windows kwa mbali

Ujenzi unapita ukiingia kwa Remote Desktop, unafeli ukiitwa kwa `Invoke-Command`, tena na makosa ya ajabu: `OutOfMemoryException`, au hata `StackOverflowException`. Kipindi cha WinRM, huduma ya Windows ya kuendesha amri kwa mbali, kina kikomo chake. PowerShell 2.0 ilikiweka MB 150 na 3.0 ikapandisha hadi MB 1024. Windows Server 2012 R2 na zilizofuata zinakiacha wazi, isipokuwa sera ya kikundi imekirudisha. Kiko mahali pawili, na vyote viwili vibadilishwe:

```
Set-Item WSMan:\localhost\Shell\MaxMemoryPerShellMB 4096
Set-Item WSMan:\localhost\Plugin\Microsoft.PowerShell\Quotas\MaxMemoryPerShellMB 4096
Restart-Service WinRM
```

Restart hiyo itakukata, iendeshe mwisho. Kwenye WMF 3.0, kifurushi kilicholeta PowerShell 3.0, kuna hitilafu inayopuuza namba uliyoweka, na kiraka chake ni KB2842230.

Kama kosa ni `C1060` au `LNK1102` licha ya RAM kuwepo, huenda unatumia zana za biti 32: weka `PreferredToolArchitecture=x64`. Tena `/MP` ya kompaila huzidishwa na `-m` ya MSBuild. `-m:8` yenye `/MP` kwenye mashine ya viini 8 inaweza kufika kompaila 64.

## Kuirudia nyumbani

Ukitaka kuona kosa bila kusubiri foleni ya seva:

```
docker run --rm -m 4g --memory-swap 4g -v "$PWD":/src -w /src imeji-yako make -j4
```

Usiache `--memory-swap`. Bila hiyo, mashine yenye swapu huipa kontena GB 4 nyingine za swapu, na ujenzi unaofia kwenye seva utapita kwako.

Kwa kupima, `/usr/bin/time -v` huonyesha kilele cha mchakato mmoja mkubwa kuliko wote, si jumla ya watoto. Kwa `-j8` namba hiyo haitoshi. `memory.peak`, iliyopo tangu kerneli 5.19, inajumlisha, lakini ndani yake imo kache ya faili ambayo kerneli huiachia inapobanwa, hivyo inaweza kugusa kikomo bila madhara. Kinachobaki ni kufuatilia `anon` na `shmem` wakati kazi inaendelea:

```
while sleep 2; do grep -E '^(anon|shmem) ' /sys/fs/cgroup/memory.stat; done &
```

Chukua kilele cha jumla ya hizo mbili, ongeza robo, na hicho ndicho kikomo cha kuandika kwenye usanidi.